Moto Hutangulia Safari: Mitambo ya Mvuke ya Ziwa Tanganyika

Katika habari za vyombo vya moto vilivyopata kusafiri katika maziwa ya Afrika ya Mashariki, ni vichache vilivyotajwa zaidi kuliko ile meli ambayo Wajerumani waliiita Graf von Goetzen na ambayo Waingereza, baada ya kuiopoa kutoka majini, waliiita Liemba. Na aghalabu wanaoitaja husimulia mzinga wake, vita vyake na kuzama kwake, wakaliacha jambo ambalo kwa rai yangu ndilo lililoipa umri mrefu kuliko tawala zote mbili za kigeni zilizoimiliki, nalo ni jinsi mitambo yake ilivyotunzwa na watu waliofahamu kwamba kazi ya mvuke ni kazi ya kutangulia. Nahodha wa jahazi hungoja upepo, na upepo ukija hutweka tanga akaenda zake. Lakini fundi wa stima hana cha kungojea, kwa sababu nguvu ya kukiendesha chombo chake sharti aizalishe mwenyewe, na kuizalisha kwataka saa nyingi kabla ya nanga kung'olewa, na kuni za kuizalishia zataka miezi mingi kabla ya saa hizo.

Meli hiyo haikuwa ya kwanza katika Ziwa Tanganyika. Jumuiya ya wamisionari ya London ilikuwa imekwisha kuleta stima ndogo iliyoitwa Good News, ambayo vipande vyake vilipandishwa mito ya Zambezi na Shire, vikavuka Ziwa Nyasa, kisha vikachukuliwa kwa nchi kavu hadi upande wa kusini wa Tanganyika, ambako chombo kilishushwa majini mwaka 1885. Na mwaka huo huo fundi wake wa mitambo, James Roxburgh, akafariki dunia. Msiba ule ulidhihirisha udhaifu mmoja wa vyombo vya moto katika nchi iliyo mbali na karakana. Chombo cha tanga kikivunjika mlingoti, seremala hodari huingia mwituni akachonga mwingine. Lakini chombo cha mvuke kikipasuka mrija, ilhali mjuzi wake yu kaburini, hugeuka kuwa mzigo wa chuma uliofungwa pwani. Wajerumani nao, mwaka 1900, walishusha katika ziwa hilo hilo stima yao Hedwig von Wissmann, iliyopewa jina la mke wa gavana wao wa zamani. Na tangu hapo moshi wa dohani ukawa jambo la kawaida machoni mwa watu wa Ujiji na Kasanga.

Graf von Goetzen ilikuwa jambo kubwa zaidi. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, nayo ilikusudiwa kuiendeleza juu ya maji ile reli ya kati iliyokuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam. Ilipewa jina la Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wakati wa Vita vya Maji Maji, jina ambalo watu wa kusini hawakuwa na sababu yoyote ya kulipenda. Urefu wake ulizidi mita 71, na upana wake ulikuwa takriban mita 10. Chombo kizima kilitiwa katika makasha yapatayo 5,000, yakavushwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapandishwa gari moshi. Na reli ilipofika Kigoma mwezi wa Februari 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka pwani, ikawezekana mabamba yale yaunganishwe tena mbele ya maji yaliyokusudiwa. Waundaji watatu walitumwa kutoka Papenburg kuisimamia kazi hiyo, nao ni Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yameandikwa vitabuni. Majina ya watu waliopiga ribiti pamoja nao katika jua la Kigoma hayakuandikwa, na huo ni upungufu wa tarikh yetu usiozibika kwa sifa za jumla jumla.

Nimetaja ribiti kwa makusudi, maana ndizo mlango wa kuifahamu kazi yote iliyobaki. Ribiti huingizwa katika tundu ikiwa nyekundu kwa moto, kichwa chake cha pili kikagongwa mpaka kikasambaa, na inapopoa hunywea, ikayabana mabamba mawili kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauwezi kuifikia. Kwa hiyo meli ya zama zile, na boila yake pia, ilishikamana kwa chuma kilichopoa. Na atakayekipasha tena chuma hicho bila ya hadhari huifungua kidogo kidogo kazi ya mwenzake aliyemtangulia.

Boila ya meli ilikuwa pipa kubwa la mabamba manene, lililolazwa chini ya sitaha, na ndani yake mna matanuri ya mviringo yaliyozungukwa na maji pande zote. Moto huwashwa tanurini. Hewa yake ya moto huenda nyuma, hugeuka, hurudi mbele kwa njia ya mirija mingi iliyozama majini, kisha ndipo hupanda dohani. Dhana ya mgeni ni kwamba ukitaka mvuke upesi huna budi kujaza kuni na kuchochea kwa pupa. Fundi ajua kinyume chake. Maji ya juu hupata moto mapema, na maji yaliyo chini ya tanuri hukaa baridi muda mrefu; basi bamba la juu hutanuka na la chini likakataa, ribiti zikavutana, na maungio yakaanza kutoa matone. Boila baridi huwashiwa moto mdogo jana yake, moto ukakuzwa kwa taratibu usiku kucha, na mtu akakesha nao. Na abiria anayepanda asubuhi na mizigo yake huikuta kazi iliyo kubwa kuliko zote katika safari ile imekwisha kufanywa na watu ambao hakuwaona.

Makaa ya mawe hayakupatikana kando ya Tanganyika, kwa hiyo mitambo ilikusudiwa kula kuni, na neno kula hapa halina chuku. Kuni kavu, kwa uzito ulio sawa, hutoa joto karibu nusu tu ya makaa mazuri ya mawe, nazo huchukua nafasi kubwa zaidi. Chombo cha kuni basi hubeba mlima wa magogo, hupunguza nafasi ya shehena, na hulazimika kusimama mara kwa mara kupakia tena. Miti ya miombo inayozunguka ziwa ni mizito na huwaka vizuri, lakini kwa sharti ikatwe, ipasuliwe na ianikwe mpaka maji yake yaondoke, kwa sababu katika kuni mbichi sehemu kubwa ya moto hupotea kwa kuyakausha maji ya kuni zenyewe, na mvuke hushuka wakati ule ule unapohitajiwa. Hivyo safari ya stima ilianzia mbali sana na gati, katika mikono ya watu wa vijijini waliokata na kupanga kuni katika majira ya kiangazi kwa ajili ya meli itakayopita masika.

Wachochea moto walikuwa na sanaa ambayo wasioijua huidharau. Moto wa boila hautakiwi uwe rundo. Hutakiwa uenee sawasawa juu ya vyuma vya wavu, pasiwe na tundu tupu hata moja, maana penye tundu hewa baridi hupenya, hupoza mirija na kuiharibu midomo yake. Mlango wa tanuri ukifunguliwa, hasara huanza mara moja. Kwa hiyo mchochea moto hodari hufungua, hutupa kuni zake mahali alipokwisha kuona kwa jicho kwamba pamepungua, hufunga, kisha huhamia tanuri la pili, wala hafungui yote pamoja. Majivu hukokotwa, mirija husuguliwa masizi kwa brashi ndefu, na mwili wa mtu husimama kati ya joto la mbele na ukuta wa chuma wa nyuma, sakafu ikiinama huku na huku kwa mawimbi. Na mawimbi ya Tanganyika pepo za kusini zinapovuma katika kiangazi si ya kuchezewa.

Juu ya yote hayo palikuwa na jambo moja ambalo mwenye zamu hakuruhusiwa kulisahau hata kwa dakika chache, nalo ni bomba dogo la kioo lililosimama mbele ya boila likionyesha kimo cha maji. Maji yakizidi, mvuke huyachukua mpaka katika silinda, na kwa kuwa maji hayabanwi kama mvuke unavyobanwa, pistoni huyagonga kama ukuta, vyuma vikavunjika. Maji yakipungua mpaka juu ya tanuri pakabaki pakavu, bamba huiva, hulegea na kubonyea kwa nguvu ya mvuke, na mauti huwa jirani. Zamu mpya inapoingia hufungua vibomba vya kioo kwanza, ili ihakikishe kwamba kimo kinachoonekana ni cha kweli, si maji yaliyonaswa kwa taka. Na ikitokea maji hayaonekani kabisa, ilhali moto umekolea, kanuni ya mafundi ni kali: usipampu maji baridi juu ya chuma kilichoiva, bali uutoe au uuzime moto kwanza, hata kama meli itasimama katikati ya ziwa na nahodha atakasirika. Mimi huihesabu kanuni hiyo miongoni mwa hekima kubwa za kazi ile, kwa sababu humtaka mtu mwenye khofu afanye jambo ambalo khofu yenyewe humkataza, na hawezi kulifanya asipokuwa amekwisha kufundishwa kabla ya siku hiyo.

Kutoka boila mvuke uliingia katika mitambo miwili, kila mmoja ukizungusha rafadha yake. Ilikuwa mitambo ya namna ambayo mvuke hutumiwa mara tatu: huingia kwanza katika silinda ndogo ukiwa na nguvu zake zote, hutoka umepungua ukaingia katika silinda kubwa zaidi, kisha ya tatu iliyo kubwa kuliko zote, na ule unyonge wake hufidiwa na upana wa pistoni. Mwishowe huingia katika chombo cha kupozea, ambamo maji ya ziwa hupita ndani ya mirija, na mvuke ukigusa nje ya mirija hiyo hugeuka maji, yakarudishwa na pampu boilani kuanza mzunguko upya. Mtia mafuta alizunguka na kopo lake usiku na mchana, akitia tone hapa na tone pale. Na ili aijue hali ya beringi alinyoosha kiganja chake kati ya vyuma vinavyozunguka, akaugusa mtaimbo kila unapopita, akiufuata mwendo wake bila ya kukosea, maana joto la beringi huanza kujulikana kwa ngozi kabla ya kujulikana kwa moshi.

Mzunguko ule wa maji haukuwa kamili, kwa sababu mvuke huvuja, na pengo lake hujazwa kwa maji mapya. Maji ya Tanganyika hunyweka, lakini yana madini yaliyoyeyuka, na madini hayo hayageuki mvuke. Hubaki boilani, hujenga juu ya chuma ukoko mgumu unaozuia joto lisifike majini. Kwa ajili hiyo boila ilihitaji kumwagwa sehemu ya maji yake kwa vipindi, na kila baada ya muda ilizimwa, ikaachwa ipoe, na mtu mwembamba akaingizwa ndani kwa tundu lisilozidi mabega yake kwa mengi, akiwa na taa na nyundo ndogo, augonge ukoko ule bamba kwa bamba. Ni kazi ya dhiki, ya giza na vumbi, na hata hivyo usalama wa kila aliyekaa juu ya sitaha ulitegemea ikhlasi ya mtu huyo mahali ambapo hapana wa kumwangalia.

Graf von Goetzen ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza, na mwezi wa Juni ikaingia kazini kama meli ya kivita. Mzinga wake mkubwa ulitoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai mwaka ule. Na manowari hiyo nayo ilikuwa imekimbilia Rufiji kwa sababu ya ubovu wa mtambo, hata vipande vyake vikapelekwa kwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa. Katika ziwa, Waingereza walileta mashua mbili za mafuta, zilizoitwa Mimi na Toutou, wakaiteka stima ya Wajerumani iliyoitwa Kingani mwezi wa Desemba 1915. Tarehe 9 Februari 1916 ikafika zamu ya Hedwig von Wissmann, ambayo ilipojiona inafukuzwa ilitiwa tanurini kuni zilizolowekwa mafuta, ipate kuzidisha mwendo. Haikufaa kitu. Kombora liliangukia chumba cha mitambo, boila ikapasuka, na chombo kikazama. Pupa ile ya kuni na mafuta naiona kuwa ya kusikitisha kuliko yote katika tarikh ya mvuke wa ziwa hili, maana ni watu waliojua kwamba moto hauharakishwi, wakalazimishwa na vita kuuharakisha.

Mwezi wa Julai 1916 ilikuwa dhahiri kwamba Wajerumani hawawezi kuishika Kigoma tena. Mkuu wao wa vyombo vya ziwani, Gustav Zimmer, aliamuru meli izamishwe isije ikawa ngawira. Amri ya namna hiyo aghalabu hutekelezwa kwa baruti, na baruti haibakishi kitu. Lakini waliopewa kazi ile walikuwa wale wale waundaji watatu waliokuja na makasha kutoka Papenburg, nao waliitekeleza kwa njia yao: waliipaka mitambo yote shahamu nzito, tabaka juu ya tabaka, wakakijaza chombo mchanga, kisha tarehe 26 Julai 1916 wakakizamisha kwa utaratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi. Walikusudia kwamba siku moja mwenyewe atarudi kuiinua. Aliyerudi hakuwa waliyemtarajia, lakini shahamu haikubagua, na hapo ndipo naona ukamilifu wa fundi: alipewa amri ya kuangamiza, akaitii, na ndani ya utii huo akaihifadhi amana.

Sababu ya kuhifadhika kwake si muujiza. Kutu yataka maji na hewa vikutane juu ya chuma. Shahamu huvizuia vyote viwili, na maji yale hayakuwa na chumvi ya bahari ambayo huharakisha uharibifu. Hata hivyo majaribu yalikuwa mengi. Wabelgiji waliiopoa meli, wakaivuta mpaka Kigoma, na huko mwaka 1920 tufani ikaizamisha mara ya pili. Tarehe 16 Machi 1924 Waingereza waliiinua tena, na walipoifungua mitambo na boila walikuta kwamba vyaweza bado kutumika, karibu miaka 8 tangu siku ya kupakwa.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi hulipita upesi, nami sitaki kulipita. Shahamu iliyouokoa mtambo ni adui wa boila. Mafuta yakiingia katika maji ya boila hutanda juu ya bamba la tanuri, na utando huo, hata ukiwa mwembamba sana, huyazuia maji yasilipoze bamba, likaiva na kubonyea ijapokuwa kioo chaonyesha maji ya kutosha. Kwa hiyo kila kiungo kilichokuwa na shahamu kilihitaji kuoshwa na kukaushwa kabla ya moto wa kwanza, kila mrija upigwe na usikilizwe, na boila ijazwe maji baridi na kubanwa kwa pampu, ili dosari ijitoe katika maji kabla haijajitoa katika mvuke. Matengenezo yalichukua miaka mitatu tangu kuopolewa, na tarehe 16 Mei 1927 chombo kikaanza kazi upya Kigoma, sasa kikiitwa Liemba, jina ambalo Livingstone aliliandika kuwa la ziwa lenyewe upande wa kusini.

Ikafuata miaka takriban 50 ya kazi ya amani chini ya mvuke. Liemba ilishuka kutoka Kigoma kwenda Karema, Kipili na Kasanga mpaka Mpulungu, ikabeba mahindi, dagaa, wafanya biashara na wagonjwa. Na kwa kuwa vijiji vingi havina gati, ilisimama majini, mashua zikaijia ubavuni, kisha ikaondoka tena. Kusimama na kuondoka huko ndiko kulikoupa mtambo wa mvuke sifa yake, kwani ni mtambo unaotii kengele ya nahodha bila ya kelele, mbele au nyuma, pole au mbio. Bali kwa mchochea moto kila kituo kilikuwa mtihani, maana moto hausimami meli inaposimama, na mvuke usiotumika hufumua valvu ya salama ukapotea hewani pamoja na kuni za watu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mitambo ile ilitolewa, ikatiwa ya dizeli, na meli ikaendelea. Mwaka 1997 ikawarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na mwezi wa Mei 2015 ikawachukua Warundi waliokwama Kagunga, ikawafikisha Kigoma. Dizeli huwashwa saa ile ile ya safari, wala sioni haya kusema kwamba kwa watu wa chini ya sitaha hiyo ilikuwa rehema. Lakini maarifa ya moto yaliondoka pamoja na matanuri, na waliokuwa vijana zamani zile sasa ni wazee waliochoka. Wapo waliobaki Kigoma, Ujiji na Kasanga, na inafaa waendewe wakiwa hai, waulizwe mambo ambayo hakuna mhandisi wa Papenburg aliyeyaandika: ni mti gani uliotoa moto mrefu na ni upi uliojaza tanuri majivu, zamu ilikuwa ya saa ngapi, walimwita nani alipotoka mtu boilani amezimia kwa joto, na ni nani aliyewafundisha kunyoosha kiganja katika vyuma vinavyozunguka.